Siku Radi Walipojifungia Nje ya Uwanja Wao

Nilikuwa bado mtoto wa mapengo mawili mbele, pale Butembo, na tayari nilijua kwamba timu ya mpira haiingii uwanjani kama watu wanavyoingia kanisani. Kanisani unapita mlangoni, unachovya kidole kwenye maji ya baraka, unakaa. Uwanjani unajiuliza kwanza: nani alikuja hapa jana, alizika nini, na mimi nipite wapi nisikikanyage?

Timu yetu iliitwa Radi. Bado inaitwa Radi, na bado naipenda kwa kiasi ambacho mume wangu ameacha kukijadili. Wapinzani wetu ni Theluji ya Beni. Walijipa jina hilo kwa sababu kwao, asubuhi isiyo na mawingu, milima ya Ruwenzori inajionyesha na weupe wake kichwani. Sisi tulikuwa tukisema theluji inayeyuka. Wao walisema radi ni kelele tu. Miaka yote hii hatujapata matusi bora kuliko hayo, wala hatujayatafuta.

Baba yangu alikuwa kipa wa Radi. Siku za kazi alishona suti za harusi karibu na soko, na Jumapili alidaka mipira kwa vidole vilevile, vikiwa na matundu ya sindano. Mwaka ninaousimulia magoti yake yalikuwa yamekwisha kumwambia kwaheri. Kila mtu nyumbani alijua kwamba huo ni msimu wake wa mwisho. Alibaki na hamu moja tu maishani: kucheza Goma, kwenye uwanja mkubwa, walau mara moja. Na njia ya Goma ilipita kwenye mechi moja, Radi na Theluji, nyumbani kwetu. Atakayeshinda ndiye anayekwenda.

Asubuhi ya mechi, tumetoka misa, mwenyekiti wa mashabiki alikuja kwetu. Alikuwa muuza vipuri vya pikipiki, mtu wa tumbo na heshima, na sote tulimwita Papa Président. Tulikuwa tumemwona akipokea komunyo nusu saa iliyopita, macho yamefumbwa, mtakatifu kabisa. Sasa aliinama karibu na baba na kusema kwa sauti ya chini ambayo ilisikika hadi jikoni:

"Mulango tumeshaufunga. Dawa imetoka Mutwanga, kwa muganga muzee mwenyewe. Ba Beni bakipita tu, miguu yabo inakuwa maboga."

Inabidi nieleze, maana vijana wa leo mnajua takwimu za wachezaji wa Ulaya lakini haya hamyajui. Dawa ya mlango huzikwa chini ya lango la uwanja. Inamkamata yule wa kwanza kuivuka, yeye na kundi lake. Akishapita, imekwisha nguvu. Wengine wanaweza kupita wakicheza. Na desturi ilikuwa kwamba wageni ndio wanaoingia kwanza. Kwa hiyo mpango wa Papa Président ulikuwa safi kama shati la Pasaka.

Koko, yaani bibi yangu mzaa baba, alikuwa anamenya viazi. Hakuinua kichwa.

"Na nyinyi mutapita wapi?"

"Kwa mulango, Koko. Nyuma ya ba Beni kupita."

"Na kama ba Beni habapite pale?"

Papa Président alicheka. "Bageni bote banapitaka ku mulango, Mama."

"Ba Beni si batoto," alisema Koko, na kiazi kikaanguka kwenye sufuria. "Mutajifungia inje ya nyumba yenu."

Baba alikuwa anafunga magoti yake kwa vitambaa vilivyobaki kwenye suti ya bwana harusi fulani.

Saa ya mechi ilipokaribia, Koko alichukua kigoda chake na mwavuli, akanishika mkono, tukapanda kilima kuelekea uwanjani. Koko alikuwa mshabiki kabla neno hilo halijafika kwa wanawake wa kwetu. Alijua nani ana mguu wa kushoto mbovu na nani anamwogopa mkewe. Tulifika tukawakuta vijana wa Radi wamesimama nje ya lango, jezi nyekundu, soksi zimepanda, wanaangalia ardhi kama watu waliopoteza pete.

Theluji walikuwa wameshaingia. Lori lao liliwashusha upande wa pili, kwenye lupango, yaani kiwanja cha mikaratusi, na wote wakaruka juu ya uzio, mmoja baada ya mwingine, pamoja na kocha wao aliyekuwa mnene na aliyehitaji kusukumwa. Sasa walikuwa katikati ya uwanja wanapasha misuli na kutuimbia.

Fikiria hali yetu. Langoni kulikuwa na dawa yetu wenyewe, mpya, haijaguswa, inamsubiri wa kwanza. Kwenye uzio walikuwa wamepita Theluji, na kila mtu alijua kwamba ukiruka paliporukwa na adui unaokota uchovu wa safari yake yote. Nyuma kulikuwa na bustani ya masista, na mbwa wa masista hakuwa na timu. Uwanja ni wetu, mji ni wetu, na hatuna pa kuingilia.

Ndipo adabu ilipozuka. Sijaona tena watu wenye adabu namna ile.

"Kapiteni, pita."

"Hapana, we mukubwa wangu, tangulia."

"Mimi niko remplaçant tu, muchezaji wa akiba. Remplaçant anaingiaka nyuma."

"Papa Président, si ni wewe ulileta? Fungua."

Papa Président alisema angependa sana, lakini ana kisukari. Mtu akaleta mbuzi kutoka kwenye nyumba ya jirani ili apite kwanza. Mbuzi alivutwa hadi langoni, akanusa, akaweka miguu yake yote minne chini kama meza, akakataa. Hapo hata waliokuwa wanacheka waliacha. Mbuzi hana kamati wala hajasikia habari za Mutwanga.

Mwamuzi, aliyekuwa ameruka uzio nyuma ya Theluji bila kuuliza, alikuja hadi langoni kwa upande wa ndani. Alikuwa mwalimu kutoka Kasai, serikali ilimleta kufundisha hesabu kwetu, mtu mwembamba mwenye saa kubwa.

"Messieurs, mnaingia ao hamuingie?"

"Chef, ngojea kidogo. Kuko kitu hapa chini."

"Mimi naangalia saa. Ile kitu yenu haiko mu règlement, mu sheria ya mpira. Mkichelewa, Beni anashinda, donc ni Beni anaenda Goma."

Nilimtazama baba. Alikuwa amesimama nyuma ya wengine, glovu mkononi, na uso wake ulikuwa uso wa mtu anayeangalia basi lake likiondoka. Akapiga hatua moja mbele. Kisha nyingine. Wenzake wakampisha haraka mno, kwa aibu. Akafika karibu na pale ambapo udongo ulikuwa umechimbwa. Akasimama.

"Paluku," Koko alimwita baba. "Rudia nyuma."

"Mama, tutachelewa."

"Nimesema rudia nyuma. We uko na mechi."

Akaniachia mkono. Papa Président alimwona anakuja na mwavuli wake, akajaribu kuzuia kwa mikono miwili. "Hapana, Koko. Mwanamuke akitangulia timu, tunafungwa. Unajua."

"Basi chagua," alisema Koko. "Shida ya mulango ao shida ya mwanamuke. Mbili hauwezi kubeba, uko na kisukari."

Akapita. Hakukimbia wala hakuruka. Aliweka mguu wa kulia juu ya ule udongo uliochimbwa, akaukanyaga vizuri kama anayeshindilia udongo juu ya mbegu ya mahindi, akavuta wa kushoto, akawa ndani. Mwamuzi alimkaribisha, "Bonjour, maman." Na Radi wote, mashabiki nyuma yao, wakamfuata wakisukumana, kwa sababu sasa kila mmoja alitaka kuwa wa pili.

Mechi yenyewe naweza kuisimulia hadi supu ipoe, nyumbani kwangu imepoa mara nyingi. Theluji walikuwa bora kuliko sisi, nitalisema hilo kwa sababu leo nimezeeka na hakuna wa kunipiga. Baba aliruka kama mtu mwenye magoti ya kuazima. Karibu na mwisho mpira wa kona ukamgonga beki wetu kichwani, yeye mwenyewe hakuuona, ukaingia golini kwa Theluji. Moja bila. Uwanja ulitetemeka, na Koko kwenye kigoda chake alifunga mwavuli, akasema tu, "Eh."

Baba alikwenda Goma. Walifungwa mabao ambayo hakuyahesabu kamwe mbele yetu. Alichosimulia mpaka kufa kwake ni majani ya uwanja ule, kwamba yalikuwa yamekatwa na mtu, si na ng'ombe.

Msimu wa mvua uliofuata, mguu wa kulia wa Koko ulianza kuvimba. Hospitalini walisema ni mishipa ya damu na umri. Mtaani walisema ni mlango. Baba aliacha kula vizuri. Alikaa karibu na kitanda akiupaka ule mguu mafuta kila jioni, hawezi kumwangalia mama yake usoni. Papa Président alileta mchele na hakukaa. Koko hakulalamika. Alitembea akichechemea maisha yake yote yaliyobaki, na kwenye mechi vijana wa Radi walimbebea kigoda.

Mimi nilikua nikiisimulia hadithi hii kama kichekesho. Mbuzi peke yake ananipatia makofi. Katika kuisimulia nilimfanya Koko kuwa mwanamke mwerevu aliyejua kwamba dawa ni upuuzi, akawapita wanaume wajinga. Nilipokuwa msichana wa sekondari, nimeshasoma vitabu vitatu na kudhani nimemaliza maktaba, nilimwambia hivyo mwenyewe, nikimsifu. "Koko, we peke yako hukuamini ile dawa."

Aliniangalia kwa mshangao wa kweli.

"Nani amekwambia? Niliamini kabisa. Wakati nilikanyaga, nilisikia baridi inapanda mpaka hapa." Akagusa nyonga. "Lakini Paluku alikuwa anataka Goma."

Sijui kilichokuwa chini ya lango lile. Lango lenyewe limebadilishwa, sasa ni la chuma, na madaktari huenda walisema kweli kuhusu mishipa. Lakini tangu jibu lile nimepunguza kumcheka mtu anayeogopa. Nilikuwa nimemsifu bibi yangu kwa kutoogopa, na nilikuwa nimemsifu kidogo mno.

Siku hizi naketi jukwaani na miwani. Radi ya leo ina kiungo anayeendesha pikipiki ya abiria hadi saa sita mchana na saa tisa anagawa pasi ambazo ungedhani amezipima kwa kamba. Kipa wetu ni mrefu, mzuri, anatoka golini mapema mno, lakini nampenda. Kocha namtukana kila juma na nisingempa mwingine kazi yake. Na Theluji, jamani, wana ulinzi kama kizuizi cha barabarani: hupiti bila maelezo. Kwa mpira safi hakuna timu katika mkoa wetu ninayoiheshimu zaidi, na hili nalisema nikiwa nimevaa nyekundu.

Wanakuja kutoka Beni kwa barabara ile. Sina haja ya kuieleza, anayeishi huku anaijua, na asiyeijua aombe asiijue. Haina uzio wa kuruka ili uikwepe. Vijana wale wanajua kilicho njiani kuliko mimi, wana ndugu waliovamiwa na wenye bunduki wakabaki kwenye njia hiyo, na asubuhi ya mechi wanapanda gari.

Kwa hiyo gari lao linaposimama langoni na wa kwanza anashuka, mfuko wa viatu begani, huwa nainuka na kumpigia makofi. Mashabiki wenzangu wa Radi wananiuliza kama nimelewa. Nawaambia wangoje filimbi, mechi ikianza nitamtukana kama kawaida.