Mama Puliza, programu tatu na mkoromo wa mumewe

Asubuhi ndiyo kwanza inachangamka, lakini kwenye korido ya maabara ya vipimo vya mapafu na usingizi kuna kelele utadhani timu ya nyumbani imepata penalti.

"Vuta, vuta, vuta hewa... haya, puliza! Puliza! Toa yote! Bado ipo, baba, usinidanganye, itoe!"

Mzee mmoja mstaafu, pua imebanwa kwa kibanio na macho yamemtoka, anapuliza kijibomba hadi mashavu yanatetemeka. Mbele yake amesimama mwanamke mfupi mwenye koti jeupe, amekunja magoti, mikono inasukuma hewa kana kwamba yeye ndiye anayepuliza. Mzee akimaliza, wote wawili wanahema.

Nje kwenye benchi, mama mmoja aliyefika kwa mara ya kwanza anamuuliza jirani yake kama wodi ya wazazi imehamia huku.

Hospitali nzima, kuanzia walinzi wa getini hadi ofisi ya mkurugenzi, inamwita mtaalamu huyu Mama Puliza. Jina lake la kwenye kitambulisho wanalijua wachache, na yeye mwenyewe halidai.

"Mashine haijui mtu ana pumzi kiasi gani, inajua alichotoa tu," anasema huku akifuta kijibomba kwa dawa. "Mtu akipuliza kwa aibu, majibu nayo yanatoka ya aibu, halafu anapewa dawa ambayo si yake. Kwa hiyo mimi aibu naiondoa kwanza."

Mwandishi wa makala haya naye alikaribishwa kupuliza, akajitahidi kadiri ya uwezo wake. "Wewe unapoza chai," aliambiwa.

Leo, hata hivyo, wenzake wanasema sauti iko juu kuliko kawaida. Sababu imeketi mwisho wa benchi: mwanamume mnene, mpole, kofia ameiweka gotini, anasubiri kuitwa kwa daktari. Ni mume wake.

"Nina wasiwasi," Mama Puliza anakiri, "na wasiwasi wangu huwa unatokea mdomoni."

Ili kuuelewa wasiwasi huo, inabidi turudi nyuma miezi kadhaa, kwenye siku ambazo maabara ilikuwa inatafuta programu mpya ya kompyuta.

Maabara ina vyumba viwili. Kimoja ni cha kupuliza, kingine kina kitanda, pazia zito na nyaya nyembamba ambazo mgonjwa hubandikwa kichwani, kifuani na puani, kisha analala zikirekodi anavyopumua hadi asubuhi. Kila chumba kilikuwa na kompyuta yake, na kila kompyuta programu yake ya zamani.

"Zilikuwa kama majirani waliogombana," anasema. "Hii ina habari za mgonjwa, ile haina, na kuulizana hawataki. Kuna baba mmoja huku alikuwa na miaka hamsini na mbili, kule ana ishirini na tano. Nikamwambia, basi baba, lala ukiwa kijana, upulize ukiwa mzee."

Kwa miaka mingi yeye ndiye aliyekuwa daraja. Alitembea na flashi shingoni, akihamisha majibu kutoka chumba hadi chumba. Kisha kompyuta ya usingizi ikaanza kuganda katikati ya kipimo. Mgonjwa aliyesafiri kutoka mbali anaamka asubuhi, anauliza majibu, anaambiwa alale tena.

"Hapo nilikuwa natamani sakafu inimeze," anasema.

Hatimaye hospitali ikakubali kununua programu moja ya kuhudumia vyumba vyote viwili. Iliundwa kamati ndogo ya watu watatu: daktari wa mapafu ambaye ndiye mkuu wa kitengo, fundi wa kompyuta wa hospitali, na Mama Puliza. Wauzaji watatu wakajitokeza, yeye akawabatiza wachumba.

Mchumba wa kwanza alikuwa kijana mwenye tai nyekundu, programu yake haina urembo wowote. Wa pili alikuja na maneno mengi na kalamu za bure. Wa tatu ndiye aliyeuteka moyo wake.

"Jamani, ilikuwa nzuri! Rangi za kutuliza, maandishi makubwa, ukibonyeza kitu inakushukuru. Nyumbani kwangu hakuna anayenishukuru hivyo."

Walikubaliana kila programu ijaribiwe kwa kipimo kamili cha usingizi. Mama Puliza akasisitiza alale mtu yuleyule mara zote tatu, ili programu zilinganishwe kwa haki. Kamati ikatazamana. Daktari alikuwa na zamu. Fundi wa kompyuta akasema mke wake anamwamini, lakini si kwa kiwango cha kulala nje mara tatu kwa kisingizio cha kitanda cha hospitali.

Ndipo alipomfikiria mumewe.

Mumewe ana gari dogo analosambazia mkate madukani tangu alfajiri. Ni mtu wa utani na subira, na anakoroma. Si mkoromo wa kawaida, mkewe anasema, bali ule wa kuwafanya majirani wa nyuma waulize jenereta mmenunua lini. Kwa miaka alimsihi akapimwe, na kwa miaka mume alikuwa na jibu moja.

"Nilimwambia mkikuta kitu, mtaninyang'anya funguo," anasimulia mume mwenyewe pale kwenye benchi. "Na mkate nisiposambaza mimi, nyumbani tunakula nini?"

Aliwahi hata kusinzia kwenye taa za barabarani hadi honi za nyuma zikamwamsha. Alipofika nyumbani alikisimulia kisa hicho kama kichekesho, watoto wakacheka. Mke hakucheka.

"Safari hii nikabadili gia," Mama Puliza anasema. "Nikamwambia, baba watoto, sikuiti upimwe. Nakuomba uje unipimie programu zangu."

Mume akakubali palepale. Alisajiliwa kwa jina la Jaribio, akabandikwa nyaya hadi akafanana na redio iliyofunguliwa na fundi, akalala.

Asubuhi ya jaribio la kwanza, programu ya kijana wa tai ilitoa muhtasari uliojaa alama nyekundu. Ilidai Jaribio anaacha kupumua zaidi ya mara thelathini kila saa. Mama Puliza alicheka hadi akakaa. Akampigia kijana simu.

"Nilimwambia programu yako ina uchochezi, mwanangu. Inamsingizia mume wangu. Mtu anayeacha kupumua hivyo angenipa watoto wanne na kupakia makreti ya mkate kila siku?"

Jaribio la pili likatoa karibu idadi ileile. Safari hii akalaumu mkanda wa kifuani, kwamba ulilegea. Hakufungua mawimbi, ile michoro mirefu inayoonyesha kila pumzi. Kwa mgonjwa mwingine yeyote hiyo ingekuwa kazi yake ya kwanza. Kwa Jaribio alisoma muhtasari, akatikisa kichwa, akafunga.

"Huyo nimelala ubavuni kwake maisha yangu yote ya ndoa," anasema, na sauti kwa mara ya kwanza inashuka. "Ule mkoromo mimi ni wimbo wangu wa kulala. Ukikatika, nilikuwa nadhani amegeuka tu."

Kisha ikaja zamu ya mchumba wa tatu, yule mzuri. Kwa rangi zake za kutuliza, na kwa adabu zote, ikasema kitu kilekile.

Wauzaji watatu wasiopendana, wanaogombea mteja mmoja, walikuwa wamekubaliana juu ya mume wake. Mama Puliza alifunga mlango wa maabara, akaketi, akafungua mawimbi na kuyasoma mstari kwa mstari kwa macho yake mwenyewe. Kifua kinahangaika kuvuta. Puani hakuna kinachopita. Oksijeni inashuka, inashuka, kisha mtu anashtuka, anavuta, na yote yanaanza upya.

"Nililia," anasema wazi. "Nimewapigia kelele watu wote wa mji huu wapumue, kumbe wangu hapumui. Nilijichukia sana siku ile."

Aliyapeleka mawimbi hayo kwa daktari bila maelezo. Daktari wa mapafu ni mwanamke mtaratibu asiyependa kuulizauliza. Aliangalia kwa muda, kisha akauliza swali moja tu: "Huyu Jaribio anaendesha gari?"

Jioni hiyo mume alikuwa sebuleni amevua viatu. Wote wawili wanakumbuka mazungumzo yalivyokwenda, na kila mmoja anamsahihisha mwenzake.

"Haya, imeshinda ipi?" mume aliuliza.

"Zote zimesema kitu kimoja."

"Basi chukueni ya bei rahisi."

"Zimesema unaacha kupumua, baba watoto. Nimeona mwenyewe."

Alizitazama soksi zake. "Nani mwingine ameona?"

"Daktari."

"Na funguo?"

"Nipe mimi."

Alimpa. Lakini alinuna, na Mama Puliza anasema kununa kwa mtu mpole ni kubaya, kwa sababu hajazoea na hajui namna ya kuacha. Gari likachukuliwa na mdogo wake Mama Puliza, aliyekuwa akifika kila alfajiri kuzichukua funguo kwa dada yake na kuzirudisha kwake kabla hajaingia kazini. Kipato kikagawanywa katikati. Mume akabaki nyumbani akichambua mchele ambao tayari ulikuwa msafi.

Alipewa mashine ndogo inayosukuma hewa kupitia barakoa ya puani anapolala. Wiki ya kwanza aliivua kila mara. Binti yao wa mwisho alipomwona nayo akampigia saluti na kumwita Rubani. Mume akacheka, na hiyo ndiyo siku alipoacha kununa. Tangu hapo Rubani hakuivua tena.

Kamati ilipokutana kuamua, wenzake walijua atachagua ile nzuri. Badala yake aliwaita wauzaji wote na kuwapa kazi moja: kila mmoja amwonyeshe jinsi ya kuidhinisha majibu ya mgonjwa bila kufungua mawimbi.

Programu nzuri iliruhusu kwa kubonyeza mara moja, kisha ikashukuru. Ya pili ikaruhusu pia. Ya kijana wa tai ikakataa. Kitufe cha kuidhinisha kilibaki kimefifia hadi mtu apitie mawimbi yote, mwanzo hadi mwisho. Kijana akaanza kuomba radhi, akisema wateja wengi hulalamika kwamba inachelewesha.

"Nikamwambia usiiguse hapo," Mama Puliza anasema. "Mimi nilikuwa na haraka, nikamcheka mtu anayekata roho. Nataka programu itakayoning'ang'ania. Na nikamwomba samahani kwa kumwita mchochezi."

Programu hiyo sasa inahudumia vyumba vyote viwili. Mgonjwa anasajiliwa mara moja na ana umri mmoja. Flashi imestaafu, imening'inizwa kwenye msumari nyuma ya mlango. Shingoni, ilipokuwa flashi, kuna funguo za gari.

Wiki hii mumewe alilala tena maabara, akiwa na barakoa yake, kwa jina lake halisi. Mama Puliza alimbandika nyaya, akamfunika shuka, akaenda nyumbani. Aliapa hatagusa majibu.

"Leo mimi ni mke tu," anasema. Anasema pia mipango anayo: hospitali ikimkubalia, atawaita madereva wote wa magari ya mkate, kisha wa magari ya shule, mmoja mmoja, waje kulala. "Nitawaambia wananipimia programu. Dawa hiyo nimeshaiona inafanya kazi."

Mlango wa daktari unafunguliwa. Mume anaingia, kofia mkononi. Mama Puliza anamwita mgonjwa mwingine, anamkalisha, anambana pua, kisha anasahau kumwambia apulize. Mgonjwa anamtazama, naye anautazama mlango.

Mume anatoka. Anakuja moja kwa moja hadi mlangoni pa chumba cha kupuliza na kunyoosha kiganja.

Mama Puliza anazishika funguo shingoni, lakini hazivui.

"Daktari ameyafungua mawimbi," anauliza, "au amesoma muhtasari tu?"

"Nimeyafungua yote," sauti ya daktari inajibu kutoka ndani. "Hiyo programu yako si imenikatalia? Mpe mwenzio funguo zake."

Anazivua, anamwekea kiganjani na kukifunga kwa mikono yake miwili. Wamesimama hivyo, mke na mume, katikati ya korido iliyojaa watu, hadi mgonjwa mwenye kibanio puani anauliza, kwa sauti ya mtu mwenye mafua, kama sasa anaweza kupuliza.