Yambo kwa Watu Thelathini na Mmoja

Asubuhi yangu ya kwanza ndani ya kompyuta ile niliharibu mambo.

Ngoja nieleze. Nilifundisha hesabu hapa Nchelenge, mji wetu wa kando ya ziwa, mpaka nikastaafu, na udadisi ndio ugonjwa wangu. Katika kupekuapekua simu nikagundua kwamba huko mbali kuna mtu ana kompyuta ya Unix aliyoiacha wazi kwa umma. Ukimwandikia ukajieleza, anakupa akaunti bure: jina la kuingilia na nafasi yako ya kuweka mafaili. Hakuna picha. Ni kioo cheusi na herufi tu, na watu wengi wamo kwa pamoja katika mashine moja. Wee! Nilitaka kuona. Mume wangu alikuwa amefariki, nyumba imenyamaza, na mjini sikuwa na mtu wa kumuuliza mashine inafikirije. Nikaomba, nikapewa.

Basi nikaingia. Ipo amri fupi inayokuonyesha nani yumo. Nikaiandika, yakatoka majina thelathini na moja. Ipo nyingine ya kumpelekea mtu maneno moja kwa moja kwenye kioo chake. Nikamsalimu wa kwanza: habari za asubuhi, umeamkaje, nyumbani wazima? Nikaenda kwa wa pili. Wa tisa akajibu, "Unataka nini?" Nikamwambia sitaki kitu, nasalimia. Nikaendelea hadi wa mwisho, na kesho yake nikarudia.

Siku hiyo mwenye kompyuta akaniandikia. Watu wamelalamika, maneno yangu yanaangukia katikati ya kazi zao. Nikirudia tena, akaunti itafungwa.

Niliogopa, sifichi. Halafu nikakasirika. Mimi, mutu muzima, nifukuzwe kwa sababu ya salamu?

Miaka ya sabini, nilipokuwa msichana, nilikuwa nikivuka na mama kutoka Kabuta kwenda kisiwani Chisenga kununua samaki. Kambini kulijaa wavuvi wa huku kwetu na wachuuzi wa upande wa Zaire, kama ulivyoitwa wakati ule, ndiyo maana biashara ilikwenda kwa Kiswahili. Tukishuka mtumbwini, mama hakugusa samaki. Alipita kila kibanda, kila jiko, kila mtu anayeshona wavu: "Yambo. Mulilala muzuri?" Siku moja nilichoka, nikakaa juu ya mzigo. Akanivuta sikio. "Unaikala mbele ya kusalimia? Batu ba hapa unaona ni miti?" Mgeni aliyeketi kimya pale alihesabiwa mwizi wa nyavu, na mara nyingi ndivyo alivyokuwa.

Hayo yote nikamwandikia mwenye kompyuta kwa Kiingereza changu cha darasani, ila maneno ya mama niliyaacha yalivyo, nikaeleza maana yake. Nikaomba radhi, nikaahidi kunyamaza. Hakujibu.

Siku tatu niliingia kimyakimya. Watu wa mle huacha mafaili yao wazi yasomwe, nami niliyasoma kwa pupa. Mmoja alikuwa ameandika programu ya kueleza mwezi utaandama lini. Mwingine alikuwa ameandika hali ya hewa ya kijijini kwake kila siku, miaka na miaka, sijui kwa nini, na nilitamani sana kujua. Sikumuuliza mtu. Nilikuwa naingia nyumba za watu, nasoma vyao, natoka bila neno. Niliona haya, nikaanza kuwaza kuifunga akaunti mwenyewe.

Asubuhi ya nne nilikuwa naandika programu yangu ya kwanza, nimefika mstari wa arobaini, ghafla herufi za mtu zikamwagika katikati ya kazi yangu. "Ala!" nikafoka peke yangu. "Nani huyu asiye na adabu?" Zikaja nyingine, na nyingine, mpaka nikapoteza nilipofika. Ndipo nikazisoma.

"Yambo. Mulilala muzuri?"

Mwenye kompyuta alikuwa ameibandika barua yangu pale ambapo kila anayeingia husoma kwanza. Walikuja watu kumi na tisa. Nililia. Kisha nikawajibu mmoja mmoja, sikumruka hata mtu.