Meneja Aliyewaambia Wasinunue

Tulikuwa wahandisi wawili, mimi na mwenzangu niliyesoma naye chuo. Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la mbolea, karibu na stendi ya Ngara. Tulifunga pampu za maji zinazotumia umeme wa jua. Pampu tulizijua, kuuza hatukujua. Mteja akikaa, mwenzangu anaanza kumchorea mchoro wa nyaya, na mteja anaanza kutazama mlango.

Basi tukabandika tangazo: anatafutwa meneja wa maendeleo ya biashara. Mama muuza chai pale chini alilisoma, akatuuliza, "Huyo atakuwa anafanya nini hasa?" Tukaagiza chai.

Wakaja vijana wenye shahada na tai. Siku ya mwisho akaja dada mmoja wa makamo, amevaa baibui. Babu yake alitoka pwani, na tangu hapo ukoo wao unauza vitenge mjini. Shahada hakuwa nayo. Mwenzangu alitaka kumrudisha nyumbani, nami nikamwomba tumpe mtihani tuliowapa wenzake: aende Mabawe akazungumze na kikundi cha wakulima wa mboga waliotaka pampu.

Tulikwenda naye. Aliwaamkia wazee, kisha akaingia kwenye Kihangaza, lugha ya wenyeji, alichojifunzia dukani kwa baba yake. Vipeperushi vyetu hakuvifungua. Aliomba aonyeshwe kisima, na kina mama wakamteremsha hadi bondeni.

"Mwezi wa nane maji yanafika wapi?"

Mama mmoja akainama, akaonyesha chini kabisa.

"Na mwezi wa tisa?"

"Wa tisa tunayafuata mtoni."

Akanyanyuka, akakung'uta vumbi kwenye baibui. "Mama zangu, pampu hii msinunue. Ongezeni kwanza kina cha kisima. Pampu haizai maji."

Tukaanza safari ya kurudi. Karibu na mjini mwenzangu akashindwa kuvumilia.

"Dada, unajua umetufukuzia wateja?"

"Sijawafukuza, kaka. Mngewauzia leo, mwezi wa tisa wangesema pampu yenu mbovu. Mngewajibu nini?"

Mwenzangu alivua miwani, akaifuta kwa shati. Hivyo ndivyo alivyofanya tangu chuo kila hesabu ilipomshinda. Nikajua tumempata meneja.

Miezi ya mwanzo ilikuwa migumu. Alizunguka vijijini kwa bodaboda, akarudi na daftari lililojaa vina vya visima, bila oda hata moja. Mwenzangu alinung'unika, lakini asubuhi nilimkuta amemwekea chai mezani, ameifunika na kisahani.

Kisha siku moja wakapanda ngazi mume na mke kutoka Nyamahanga, kule Biharamulo. Mke alikuwa na dada yake Mabawe.

"Tunamtafuta yule mama anayekataza watu kununua," akasema mume.

Mwenzangu alicheka hadi akakaa chini. Kisima chao kilipimwa, kikafaa, tukafunga pampu. Maji yalipotoka, yule mke aliyakinga kwa viganja, akanawa uso, akatunyunyizia na sisi wote. Baadaye Mabawe nao walichimba, wakaja wenyewe.

Mwaka jana kampuni kubwa ya Mwanza ilimtaka meneja wetu. Alitueleza wazi, akiwa amekaa kwenye kiti chake, mikono magotini. Mwenzangu alitoka, nikadhani amekasirika. Akarudi akihema, ameshika mfuko wa sambusa za moto, zile anazozipenda dada yetu.

"Kaka, sijasema naondoka," dada akamwambia. "Nimesema wamenipigia. Nimeshawajibu kwamba sitakwenda."

"Basi ungesema mapema," akajibu mwenzangu, akiangalia dirishani. "Nimekimbia mlima wote huu."

Tukazila palepale, sote watatu, na simu ikaita mara mbili bila mtu kuipokea.