Lifti Isiyopanda

Kisa hiki sikusimuliwa na mtu, wala sikukiokota kwenye foleni ya mkate. Kilinipata mimi mwenyewe, nikiwa macho, mchana wa Jumamosi ya tarehe 8 Septemba 2012, katika jiji hili la Johannesburg. Tarehe naitaja kwa makusudi. Nilianza kusoma nikiwa na miaka arobaini na sita, katika darasa la watu wazima, baada ya kumzika mume wangu, na jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba habari isiyo na tarehe ni ndugu wa uvumi. Basi ukitaka kunicheka, cheka. Usiniambie tu kwamba niliota.

Mimi ni mzaliwa wa Buyenzi, Bujumbura, mahali ambapo mtoto hunyonya Kiswahili pamoja na maziwa. Mjukuu wangu Zaituni alizaliwa huku, na huku Kiswahili hukauka mapema midomoni mwa watoto. Alikuwa na miaka tisa. Nikisema alinielewa, lakini alinijibu kwa Kiingereza, na akitaka kunibembeleza aliniita Gogo, kama Wazulu wanavyowaita bibi zao. Neno moja tu la kwetu nilifaulu kulipanda katika ulimi wake: mtu akipiga hodi, aitikiwe "Karibu." Katika hilo sikuwa na mzaha. Nyumba isiyoitikia hodi, nilimwambia, haina tofauti na kaburi.

Mwaka ule bustani moja ya michezo, upande wa mashariki wa jiji, ilikuwa ikijenga sehemu mpya juu ya ardhi ya mgodi wa dhahabu uliofungwa zamani. Waliiita Nchi ya Vilindi, na kivutio chake kikubwa kilikuwa chumba kinachoigiza lifti ya mgodi. Mnaketi, mnafungwa mikanda, taa zinazimwa. Viti vinatikisika, picha zinapita mbele yenu, nanyi mnaamini mnashuka hadi tumboni mwa dunia na kisha mnarushwa hadi mawinguni. Ukweli ni kwamba chumba hakisogei hata unyayo mmoja.

Zaituni aliliona tangazo kwenye simu ya mama yake, binti yangu Mwamini, na tangu siku hiyo hatukuwa na mazungumzo mengine nyumbani. Kwanza alihofia kimo: watoto wafupi hawakuruhusiwa. Kila asubuhi alijipima kwenye mwimo wa mlango, shingo ameinyoosha kama twiga. Leo alihofia kwamba kitakuwa mchezo wa kitoto. Kesho, kwamba kitatisha mno naye atajikojolea mbele za watu. Ufunguzi ukaahirishwa, akalia. Mwenzake wa shule akamwambia kwamba ile ni sinema inayopiga chafya, basi. Akarudi amenuna, hata chapati akaikataa. Nami, je? Nilikuwa na presha yangu na shingo yangu ya kuwazia. Lakini nilikuwa nimeahidi kwamba tutapanda pamoja, na ahadi ya mjane ndiyo mali yake.

Aliyekuwa na hofu ya aina nyingine ni MaDlamini, jirani yetu wa mlango wa pili katika jengo tunaloishi Bertrams.

"Mama Mwamini," aliniambia, "pale watu walikufa wakingoja lifti iwapandishe. Leo mtu anajenga lifti ya kuchezea juu ya vichwa vyao? Eish! Mimi hata kwa tiketi ya bure siendi."

"Ni umeme na picha tu," nilimjibu. "Nimesoma."

"Haya, msomi. Ukifika chini, nisalimie mababu."

Siku ikawadia. Zaituni alipita kwenye kipimo cha kimo akiwa amejikaza hadi mishipa ikamtoka, na msichana wa mlangoni akamwonea huruma, nadhani. Tuliketi kwenye benchi la viti vitatu, mimi ukutani, mtoto katikati. Kiti cha mwisho kilibaki kitupu. Mlango ukafungwa. Kengele ikalia. Giza.

Niamini: ilikuwa katika giza hilo, kabla ya picha kuanza, ndipo niliposikia sauti ya mzee, ya upole kabisa, ikisema kwa Kiswahili, "Hodi, wenzangu."

Na Zaituni, mtoto niliyemlea kwa adabu, akaitikia, "Karibu."

Ningeweza kuliziba neno lile? Lilikwisha kutoka. Picha zilipoanza kumulika, kile kiti cha mwisho kilikuwa na mtu. Alivaa kofia ngumu yenye taa iliyozimika, na viatu vya mpira vilivyojaa tope bichi. Tope, katika Septemba ya jiji hili, kabla mvua haijaanza! Harufu ya mawe yenye maji ilinijia puani. Akaniinamia kidogo, kama mtu wa heshima zake, akasema anatoka Ungoni, upande wa Songea, na kwamba amengoja muda mrefu. Kisha akauliza, "Mwanangu, hii inapanda?"

Nilimkumbatia Zaituni kwa mkono mmoja. Viti vilitikisika, watoto wakapiga mayowe ya furaha, tukashuka na kupanda pasipo kwenda popote. Taa zilipowashwa, kiti kilikuwa kitupu, na msichana alipokuja kufungua mikanda aliukuta ule wa tatu umefungwa, umekazwa, kama ulioshika kiuno cha mtu. Akacheka, akasema mashine mpya zina vituko vyake.

Asubuhi ya Jumapili, nikichemsha maji ya chai, Zaituni alitoka chumbani akaketi mezani, mikono ameikunja mapajani.

"Umeamkaje, mwanangu?" akaniuliza.

Kwa Kiswahili. Kwa sauti yake nyembamba ya kila siku, lakini kwa lafudhi ya kusini, ya watu wa kale, yenye utulivu ambao sijausikia tangu nilipokuwa msichana. Mtoto wa miaka tisa ananiita mwanangu! Akanisimulia mvua inavyolia juu ya nyasi za paa, na mahindi mabichi yanavyonukia yakichomwa, na jinsi alivyomwahidi mama mmoja kwamba atarudi kabla ya mavuno. Utasema nilipaswa kupiga kelele. Nilimwongezea sukari. Unajua ni nini kuishi miaka ukizungumza na damu yako na kujibiwa kwa lugha ya wengine? Nilimkalisha pembeni yangu, nikamsikiliza mpaka jua likahama dirishani, na moyo wangu ulikuwa kama nyumba iliyorudiwa na wenyewe.

Siku zile zilikuwa tamu, sikufichi. Lakini kulikuwa na jambo la lifti. Lifti ya jengo letu ni mbovu, sote hutumia ngazi. Zaituni akawa anasimama mbele ya mlango wake uliofungwa kwa mnyororo, mkoba wa shule mgongoni, hasogei.

"Panda ngazi, mama," nilimsihi.

"Nitangoja," alijibu. "Wamesema inakuja."

Kisha Mwamini, ambaye kazi yake ya hotelini ilimlaza huko siku za zamu, akarudi nyumbani na kumkumbatia mtoto wake. Alimsemesha Kiingereza; mtoto hakukielewa hata neno. Akajivuta nyuma yangu, akanishika kanga, akaninong'oneza, "Mwanangu, huyu mama wa watu ni nani?"

Niliuona uso wa binti yangu. Hapo utamu wote ulinitoka mdomoni.

Nilimgongea MaDlamini. Hakunidhihaki, alivaa shali, akaketi, akasikiliza mpaka mwisho.

"Mlimfukuza?" akauliza.

"Tutamfukuzaje? Alipiga hodi, tukamkaribisha."

"Basi ni mgeni. Kwenu mgeni akitaka kuondoka mnafanyaje?"

"Tunamsindikiza."

"Sasa unangoja nini? Kwetu aliyefia mbali hufuatwa, akaambiwa kila kona ya njia, hata kwenye teksi akawekewa kiti. Mtu wa chini hajui njia, Mama Mwamini. Mwambie kila kona."

Kesho yake, kulipopambazuka, nilimshika Zaituni mkono na Mwamini akatufuata nyuma, akilia kimya kimya. Nilimsemesha yule mzee kwa Kiswahili changu safi kuliko vyote. Mzee wangu, tunashuka ngazi. Mzee wangu, sasa tumetoka mlangoni. Hapo barabarani nikasimama, kwa sababu nilijua lazima nimwambie lile ambalo hakuna aliyemwambia.

"Baba, lifti haiji tena. Huihitaji. Umeshafika juu. Lile ni jua."

Mtoto akainua uso, akalitazama jua kwa muda mrefu, machozi yakimtiririka. Tukaendelea. Hii ni robot, baba, taa ya barabarani; ni nyekundu, tunangoja. Sasa ni kijani. Wapita njia walinitazama. Niliinua kichwa changu kama mtu anayemsindikiza mkwe.

Kwenye kituo cha mabasi ya kaskazini nilimpata dereva, mtu wa Tunduma, nikamweleza haja yangu: mzee arudi kwao Ungoni. Nilitarajia kicheko. Akavua koti lake, akalitandika kwenye kiti cha nyuma yake.

"Hapa hataketi mtu mwingine, mama," akasema. "Mpaka nitakapoishia nitamweleza njia mimi. Toka pale atapata wa kumpokea."

Zaituni alinyoosha mkono, akashikana mkono na hewa, kama watu wanaoagana. "Nimekula kwako, nimelala kwako," akaniambia kwa ile sauti ya kale. "Mungu akuzidishie." Basi likaondoka. Mtoto akapiga miayo, akamwona mama yake, akamrukia shingoni akilalamika kwa Kiingereza kwamba ana njaa na kwamba viatu vinambana.

Mwamini alicheka na kulia. Mimi nilicheka pia, na ndani yangu palikuwa na chumba kimoja kilichohamwa.

Leo, mwaka 2014, Zaituni hakumbuki mvua ya Ungoni wala neno moja la mzee yule. Nimeanza kumfundisha upya, kila Jumapili, kutoka mwanzo. Jana aliniambia, "Gogo, chai yako anapendeza," akacheka mwenyewe. Kiswahili chake kimejaa makosa, lakini kila kosa ni lake, na aliyeko nyuma ya macho yale ninamjua.

Nawe unayesoma, panda lifti za kuchezea upendavyo, ni mchezo mzuri, sikukatazi. Lakini ukisikia hodi gizani, fikiri kabla ya kuitikia. Usimwambie "Karibu" mtu ambaye hujawa tayari kumsindikiza.