Nilichosikia Nikimimina Chai

Leo nimejuta kuelewa Kijerumani.

Nilikisoma chuo kikuu, kuanzia salamu hadi kumaliza riwaya nzima. Hapa kiwandani, mtaa wa Baba Dogo, nilikoajiriwa ukarani, hakuna aliyewahi kukihitaji.

Leo wageni wawili Wajerumani walizungumza nikiwamiminia chai: wanaofunga bidhaa kwenye katoni wataachishwa kazi, mashine inakuja.

Nilipotoka, Musyoka, mmoja wa wafungaji hao, akanidaka mlangoni.

"Dada, si hiyo lugha ni yako? Wamesemaje?"

"Wamesifu chai."

Akacheka. "Basi tuko sawa. Jioni nampigia mama watoto, aache kibarua cha Kitui tuishi pamoja huku."

Nikachukua birika, nikaenda zangu. Nikisema, huenda nami nikafutwa.

Sasa ni jioni. Nina namba yake.

Ingekuwa nyinyi, mngefanyaje?