Mti wa Kukamulia Mawese

Mawese niliyonunua leo sokoni Mwanga yananuka dizeli kwa mbali. Nilipofungua dumu nikamwona akilini mama yangu, enzi za utoto wangu, amesimama mbele ya kinu cha kukamulia chenye mti mrefu wa kusukuma, chikichi zilizochemshwa zikitoa mvuke.

"Kamwite jirani," aliniambia.

"Mama, si hamsemeshani tangu mbuzi wake ale mihogo yetu?"

"Sasa huu mti nitauzungusha na nani? Kamwite."

Jirani akaja, akashika upande wake, uso kautupa kwingine. Wakazunguka, nyayo zikiteleza kwenye udongo uliolowa mafuta. Mzunguko wa nne hivi, jirani akafoka:

"Dada, unasukuma au unaniegemea?"

Mama akacheka mpaka akaachia mti. Hadi mafuta yanagawanywa, hakuna aliyemtaja mbuzi.

Siku hizi mashine inakamua gunia zima kabla chai haijapoa, na kijito cha chini yake kinapita cheusi kwa mabaki yake. Kazi inakwenda haraka, sikatai. Mimi na jirani yangu hapa Gungu hatusemeshani mwaka wa pili sasa, na sijapata kazi ya kumwitia.