Kaka Kwenye Ghala Jipya

Wenzake walimwita Sindano, na si kwa sababu ya cherehani yake tu. Ulimi wake nao ulichoma. Kwake, kukiri kosa kulikuwa mwiko. Siku kikundi chao kilipopiga kura ya kuhama au kubaki, hakutulia hata kidogo. Alikaa, akasimama, akafungua dirisha la chumba cha nyuma cha duka la uchapaji walikokutania, akalifunga tena.

"Dada, kiti kina misumari?" Mwenyekiti akauliza.

"Wewe endelea na mambo yako."

Kikundi hicho kilitengeneza, kwa kujitolea, programu ya simu inayowasomea wasioona maandishi kwa sauti. Msimbo wake wote, yaani maagizo yanayoiendesha, pamoja na majadiliano ya miaka, ulikaa kwenye ghala moja la mtandaoni. Sasa wenye ghala walikuwa wamegeuza masharti, kama mwenye nyumba aliyeona mpangaji amezoea. Aliyepiga kelele za kuhama kuliko wote ni Sindano huyuhuyu, ndiyo maana akapewa yeye kazi ya kuhamisha kwa majaribio.

Msimbo ulifika salama. Majadiliano nayo yalifika, ila ghala jipya halikuwatambua wasemaji, basi kila neno likabandikwa jina la aliyehamisha. Kaka yake, aliyeianzisha programu ile pamoja naye na kufariki mwaka uliopita, hakuonekana popote. Ugomvi wao wote, na walijua kugombana wale, ukasomeka kama mwanamke mmoja anayejifokea. Wenzake walicheka. Naye alicheka, lakini si kwa muda mrefu.

"Mbona rahisi?" alisema mwanachama mgeni. "Kila mtu afungue akaunti kule, jina lake litarudi. Na huyu wa 'umekosea, dada' kila mahali, mwambieni naye afungue."



"Huyo ni kaka yangu," Sindano akasema. "Tulishamzika."

"Pole, dada. Sikujua."

"Basi tubaki tulipo," Mwenyekiti akasema kwa upole. "Nani atakulaumu?"

Hapo ndipo alipowaka. Kubaki! Kaka yake angekuwa hai angekuwa wa kwanza kufunga virago. Alimkasirikia Mwenyekiti, akamkasirikia na marehemu kwa kuondoka kazi haijaisha, na akatamani kumsikia akibisha tena.

"Maji tumeshayavulia nguo," akasema. "Tunahama. Ila yale maneno nitayashughulikia mimi."

"Tugawane kazi, dada."

"Nimesema mimi."

Kura zikapigwa, wakahama. Kila alipomaliza kushona nguo ya mteja alifungua kompyuta, na juu ya kila neno la marehemu akaandika kwa mkono wake: *Kaka alisema.* Akafika la mwisho kabisa: "Umekosea tena, dada. Usifute kitu, nitakuja kurekebisha."

Kosa lenyewe lilikuwa bado lipo kwenye msimbo, hakuna aliyeligusa. Sindano akalirekebisha. Kisha chini ya maneno yale akaandika, safari hii jina likiwa lake kwa haki: "Kweli, kaka. Nilikosea."